Ijumaa Aliyoshinda Marlys

Baa yangu ina viti arobaini na viwili, na Ijumaa ya samaki nikiona kimoja kitupu huuliza nani kafa. Ndivyo nilivyoumbwa. Napenda watu wabanane mabega, mafuta yachemke jikoni, na habari za mji zipite kwenye kaunta yangu kabla hazijafika kanisani. Nani kaachishwa kazi, nani karudiana na nani, nani kaaga nyumbani kwamba anakwenda kuwinda paa kumbe gari lake limelala nyuma ya nyumba ya mjane: yote nayajua mimi, Verna Dombeck. Kwa hiyo mkiniuliza ilikuwaje jambo la Marlys Halvorsen likanipita miezi mizima, nami nikimwekea sahani mbele yake kila wiki, sina la kujitetea. Nitawaeleza tu lilivyokuwa.

Marlys alikuwa dereva wa basi la shule. Miaka ishirini na sita, basi namba thelathini na moja, asubuhi na mchana, iwe theluji isiwe theluji. Nusu ya wanaokunywa kwangu aliwahi kuwafuta kamasi na kuwatishia kuwashusha njiani. Mumewe Orrin alikuwa fundi wa kiwanda cha karatasi. Kiwanda kilifungwa, na Orrin akafa mwaka uliofuata, kana kwamba hakuona sababu ya kubaki. Hawakuwa na mtoto mwingine ila Kendra, ambaye siku hizi yuko Minneapolis.

Miaka sita kabla ya haya ninayoyaeleza, Marlys alipatikana na saratani ya damu. Siyo ile ya haraka. Ni ile unayoilaza kwa kidonge kimoja kila asubuhi, nayo inalala mradi usikose. Kidonge cha kwanza walichompa, kile cha bei nafuu, kilimharibu ini. Wakambadilishia kingine. Hicho kingine, dozi ya mwezi mmoja ilikuwa bei ya gari lililotumika. Lakini Marlys alikuwa na bima, akitoa kidogo tu pale dirishani kwa mfamasia, kisha anakuja kwangu kula samaki na kusengenya.

Bima yenyewe aliinunua kwenye soko la serikali, kama sisi wote ambao mwajiri hatupi kitu. Serikali ilikuwa ikibeba mzigo mkubwa na yeye mdogo. Halafu sheria ikabadilika. Ruzuku ya nyongeza waliiacha ikafa, na ukarudi ule mstari. Kipato chako cha mwaka kikiwa chini ya mstari, unasaidiwa. Ukiuvuka, hata kwa dola moja, huambulii hata senti, na walichokwisha kukupa mwaka huo wanakidai chote.

Marlys alikuwa chini ya mstari, ila karibu nao. Mshahara wa basi, pensheni ya Orrin, kodi ya shamba alilomkodishia jirani, vyote alikuwa navyo kichwani. Aliishi na huo mstari kama mtu anayeishi na mbwa mkali wa jirani.

"Marlys, shule wanatafuta dereva wa safari za timu ya hoki," Leroy Zastrow alimwambia siku moja. Leroy ni mkata magogo, mdomo wake hauna breki. "Pesa ya bure hiyo, mama. Unakaa ndani ya basi unafuma soksi, wao wanang'oana meno."

"Siwezi. Nitausogelea mstari."

"Mstari, mstari! Ungekuwa mstari wa kiuno chako ningesema uliuvuka zamani."

"Na ungekuwa mstari wa akili, Leroy, wewe ungekuwa bado unautafuta."

Baa nzima ikaangua kicheko. Ndiyo mambo yetu. Lakini kila mtu alijua hesabu yenyewe ilikuwa ya nini. Februari ya mwaka uliofuata Marlys angetimiza sitini na mitano, na hapo angeingia kwenye bima ya wazee, isiyouliza mstari wowote. Kazi yake ilikuwa moja tu: kufika huko bila kukosa kidonge. Mimi nilikuwa nikiandika kwa sabuni kwenye kioo cha nyuma ya kaunta siku zilizobaki, nafuta na kuandika upya kila asubuhi. Tulikwisha panga sherehe. Bendi ya muziki wa polka, keki yenye umbo la basi, Leroy avae tai.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kishetani. Mashine ya kupasha joto nyumbani kwa Marlys ikafa Januari, na paa lilikuwa likivuja tangu Orrin yuko hai. Akawa analala na kofia na makoti mawili. Nikamwambia tumfanyie chakula cha mchango, tambi na mkate wa vitunguu saumu ukumbini, kama tunavyowafanyia wengine.

"Thubutu," akasema. "Sitaki picha yangu ibandikwe kwenye chupa ya chenji pale kituo cha mafuta, watu wanadondosha senti huku wanachagua sigara. Nikifa fanyeni mnavyotaka."

Sasa, hapa kwetu kuna mchezo wa Malkia wa Kopa. Karata zote zinapangwa ukutani kifudifudi ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, kila moja na namba yake. Watu wananunua tiketi wiki nzima, wanaandika jina na namba ya karata. Ijumaa naingiza mkono kwenye pipa, natoa tiketi moja, naifunua karata iliyoandikwa. Ikiwa ni malkia wa kopa, mwenye jina anachukua chungu kizima, pesa zote za tiketi zilizokusanywa. Isipokuwa, chungu kinaendelea kunona. Februari ile, bado mwaka mzima kabla ya sherehe yetu, zilikuwa zimebaki karata tisa, chungu kimefika dola elfu ishirini na tisa, na watu wanatoka wilaya tatu kuja kubanana kwangu. Na desturi yetu ni kwamba si lazima uandike jina lako. Mtu akiwa na shida unaweza kumwandikia yeye, na hana haki ya kukataa, kwa sababu si mchango, ni mchezo.

Mnaona nilikokuwa naelekea.

Jumatatu hadi Alhamisi nilipita sikio kwa sikio. "Wiki hii unamwandikia Marlys. Namba thelathini na moja, ya basi lake, haijafunuliwa bado. Na ukimwambia nakufungia mlango." Hakuna aliyebisha. Leroy alinunua tiketi za mshahara wa siku mbili. Mchungaji alinunua, na huwa hachezi. Wawindaji, walimu, kinamama wa kwaya, vijana ambao Marlys aliwahi kuwashusha kwenye basi kwa kutemeana mate, wote waliandika jina moja. Ijumaa ile nilipozungusha pipa, lilikuwa limejaa Marlys mtupu, naye mwenyewe amekaa kiti cha pili kutoka dirishani anachovya viazi kwenye siki, hajui kitu.

Nikatoa tiketi. "Marlys Halvorsen! Thelathini na moja!"

"Mimi? Mbona sikununua..."

Nikafungua kabati. Nikaifunua ile karata, na bibi mwekundu akatutazama.

Kelele zile sijawahi kuzisikia tena na sitazisikia. Vijana walipanda juu ya viti. Marlys alijifunika uso kwa kitambaa cha meza, anacheka na kulia pamoja. "Wanaharamu nyie," akasema. "Wanaharamu wakubwa. Ni nani kafanya hivi?" Kila mtu akaangalia dari.

Kuna fomu ya serikali ambayo mshindi lazima ajaze kabla sijampa hundi. Nikamwekea kauntani, nikampa kalamu yangu. Akaandika jina, akaandika anwani, kisha akasita.

"Verna," akasema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, "hii haihesabiwi kule kwenye bima?"

Nakumbuka nilivyokuwa nimesimama. Nilikuwa na gilasi tatu mkono mmoja na mbili mkono mwingine, na watu walikuwa wanagonga kaunta, kwa sababu mshindi huwanunulia wote kinywaji. Nikamwambia: "Shoga, hiyo ni bahati, siyo kazi. Nani ataiweka bahati kwenye kipato? Watakata kodi yao, basi. Tia sahihi, watu wana kiu."

Akatia sahihi.

Basi mwezi ule ulikuwa mtamu. Marlys alinunua mashine mpya ya joto, akaezeka paa, na kilichobaki karibu chote akampelekea Kendra, aliyekuwa na gari bovu na karo ya chuo cha uuguzi. Alinionyesha picha ya gari lenyewe, la buluu. "Mwanangu hatakwama tena barabarani," akasema, na nikajisikia kama nimelinunua mimi.

Yaliyofuata mimi niliyapata baadaye, kutoka kwenye bahasha moja ya barua. Marlys alikuwa mtu wa kutoa taarifa. Angeweza kunyamaza mpaka mwaka uishe, wengi wangenyamaza, lakini yeye aliwapigia simu watu wa bima mwezi wa tatu na kuwaambia ameshinda kitu. Wakamshukuru. Mwezi wa nne ikaja barua: kwa mwaka huu umevuka mstari, ruzuku inakoma. Malipo yake ya mwezi yakaruka hadi zaidi ya mshahara wake wa basi wa wiki mbili. Mwezi wa tano akalipa kwa pesa aliyobakiza. Wa sita akalipa kwa kuuza boti ya Orrin ya kuvulia. Mwezi wa saba hakulipa. Mwisho wa mwezi bima ikakatwa, na dirisha la kununua tena halifunguki mpaka Novemba, na ukinunua Novemba inaanza kazi Januari. Aliwaandikia watengenezaji wa kidonge kuomba msaada. Wakamjibu kwa heshima kwamba kipato chake cha mwaka huu kinazidi kiwango.

Alikuwa na vidonge vya akiba vya miezi miwili hivi, na daktari alimpa vya sampuli. Akaanza kumeza siku moja na kuruka moja. Baadaye akawa anaruka siku mbili.

Boti nilimuuliza, sikosi kuuliza. "Mbona umeiuza boti ya Orrin?"

"Inakula nafasi. Na kila nikiiona natamani kuigombeza."

Nikacheka, nikapeleka habari meza ya pili.

Mwezi wa tisa akaanza kukonda. Samaki anamrudisha nusu, anaomba supu. Siku nyingine anaondoka mapema, kachoka. Mimi nikafanya ninachokifanya siku zote: nikatafuta habari, nilipokosa nikaitunga. Nikasema Marlys ana mwanaume. Mwanamke anayepungua mwili ghafla akiwa na miaka sitini na minne, anayesinzia saa moja jioni, kuna nini kingine? Kufikia Jumapili mji mzima unajua.

"Nasikia una mtu," nikamwambia Ijumaa iliyofuata, nimeegemea kaunta.

Nilidhani atanirushia kikombe. Badala yake uso ukamlegea, kama mtu aliyepewa kiti.

"Nani kakwambia?"

"Najua tu. Anaitwa nani?"

"Siwezi kusema, Verna. Ana mke."

"Mungu wangu! Wa hapa hapa?"

"Nikikwambia utakufa wewe kabla yangu."

Tukacheka mpaka machozi. Leroy akajitangaza kuwa ndiye, na Marlys akamwambia kuliko kumchagua yeye afadhali aolewe na jembe la theluji. Mwezi wa kumi nikaona michubuko mikononi mwake, ya zambarau, mingine ya kijani. "Huyo mume wa mtu ana mikono mizito?" nikamuuliza. "Mlango wa basi," akasema. "Umeanza kunichoka." Na hilo nalo nikalicheka. Alikuwa amekwisha jificha ndani ya umbea wangu mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nazidi kumfunika.

Jumanne ya kwanza ya Desemba alikuwa anarudisha watoto nyumbani. Watoto wenyewe ndio waliosimulia. Alisogeza basi pembeni taratibu, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za hatari, akafungua redio ya mawasiliano akawaambia wa ofisini watume dereva mwingine. Akawageukia watoto. "Hakuna mtu kushuka," akasema. "Nawaona wote kwenye kioo." Kisha akalaza kichwa kwenye usukani.

Alikaa hospitali siku tisa. Daktari alisema ile saratani iliamka, na ilipoamka haikuwa tena ya polepole. Siku ya saba aliniona mlangoni, akainua kidole. "Samaki nani anakaanga?" akauliza. Nikamwambia Leroy. "Basi wateja wako wamekwisha," akasema. Hakusema lingine lolote. Mimi nilidhani, kama daktari alivyosema kwa juu juu, kwamba dawa iliacha kumfaa.

Baada ya mazishi tulirudi kwangu, kama kawaida. Mikate midogo ya nyama ya nguruwe, saladi ya viazi, jeli ya kijani yenye karoti ambayo hakuna anayeipenda na kila mazishi ipo. Watu walijaa mpaka barazani kwenye baridi. Marlys angeipenda. Kendra akaja kauntani, amevaa koti la mama yake, ana bahasha mkononi. Akanikumbatia kwa nguvu.

"Bibi Verna, nataka kukushukuru," akasema.

"Mimi? Kwa lipi, mwanangu?"

Akaniwekea barua moja moja juu ya kaunta. Ya mwezi wa nne. Ya kukatwa. Ya watengenezaji wa kidonge. Na kadi mpya ya bima, inang'aa, aliyoipata kwenye mkoba wa Marlys: alijiandikisha Novemba siku ileile dirisha lilipofunguliwa, ianze kazi Januari mosi. Nilizisoma pale pale nimesimama. Sikuzielewa zote, lakini mstari niliuelewa.

"Nilimgombeza sana kule hospitali," Kendra akasema. "Nikamuuliza, Mama, kwa nini ulicheza mchezo huo na unajua hali yako? Akaniambia alizinunua tiketi yeye mwenyewe, kwa ubishi. Na akasema wewe ulimkanya. Ulimwambia, Marlys, usitie sahihi, kwanza waulize watu wa bima. Akasema hakukusikiliza." Akashika mkono wangu. "Asante kwa kujaribu. Angalau mtu mmoja alijaribu."

Leroy alikuwa karibu, sahani mkononi. Alisikia. Mchungaji alisikia. Niliwaona wakinitazama, na nikajua kila mmoja wao angeniachia. Wangeuweka ule uongo wa Marlys kama ulivyo, kwa ajili yangu na kwa ajili yao wenyewe, na mji huu usiotunza siri hata ya dakika tano ungeitunza hiyo. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Mimi, ambaye sijawahi kunyamaza.

"Hakununua hata moja," nikasema.

Kendra akauachia mkono wangu.

"Mimi niliwaambia watu wamwandikie jina. Wote hawa. Pipa lote lilikuwa jina lake. Na aliniuliza, Kendra. Alisimama hapo uliposimama wewe, ana kalamu yangu mkononi, akaniuliza kama itahesabiwa. Nikamwambia atie sahihi, watu wana kiu."

Watu mia na zaidi walikuwa wamenisikia. Miaka thelathini nimeipenda nyumba ijae, na siku ile nilitamani wote watoke.

Kendra alikusanya barua zake, akazipanga vizuri kwa ukubwa, akazirudisha ndani ya bahasha. Sikujua kama atanipiga. Ningefurahi angenipiga. Akatazama nje dirishani, kule lilikoegeshwa gari la buluu lenye theluji juu.

"Aliniambia zile pesa ni akiba ya Baba," akasema. "Hakuniambia habari ya mchezo mpaka hospitali. Mimi nikachagua hata lenye viti vinavyopashwa moto."

Akatoka. Alikaa ndani ya gari muda mrefu bila kuliwasha. Leroy alimpelekea sahani iliyofunikwa kwa karatasi, akagonga kioo, akasimama pale na sahani yake kwenye baridi mpaka akafunguliwa.

Mimi nilirudi nyuma ya kaunta kuosha gilasi, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Kwenye kioo ile namba ya sabuni ilikuwa bado ipo, hamsini na mbili, siku zilizokuwa zimebaki alipokufa. Mama mmoja wa kwaya aliiona akachukua kitambaa, kwa wema tu, afute.

"Iache," nikamwambia.

"Verna, inakuumiza."

"Nimesema iache."

Ipo mpaka leo. Kabati la karata nimelirudisha kwa waliolitengeneza. Ijumaa bado nakaanga samaki na watu bado wanakuja, si kama zamani, lakini wanakuja. Kiti cha pili kutoka dirishani hakuna anayekikalia, na siulizi tena nani kafa.